Mashua Iitwayo Sina Wasiwasi

Paukwa!

Ukiitika nitaendelea, usipoitika nitaendelea vilevile, kwa sababu leo sungura na fisi wamepumzika. Leo nina mashua. Ilikuwa kaskazini ya Unguja, upande wa Nungwi, ambako mafundi wa vyombo hufanya kazi ufukweni, na mlio wa tezo juu ya mbao hukufikia kabla hujaiona bahari yenyewe. Na nina kijana mmoja, mvuvi, aliyetaka chombo chake mwenyewe. Jina mtampa ninyi.

Kijana huyu alikulia kwenye vyombo vya watu. Anayevua katika chombo cha mwenzake hapati samaki wote anaowavuta, na hesabu yake mnapaswa kuijua, maana ndiyo iliyomkosesha usingizi. Mashua ikirudi na samaki wakauzwa, kwanza hutolewa gharama za safari: chambo, barafu, chakula cha mabaharia, mafuta kama kuna mashine. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, kuna fungu la watu waliokwenda. Kila diko, yaani mahali pa pwani wanapotua wavuvi, lina desturi yake, lakini tuchukue mfano mwepesi wa mafungu matatu sawasawa. Zimebaki shilingi 90,000. Mwenye chombo anachukua 30,000 naye hakutoka nyumbani. Mwenye nyavu anachukua 30,000. Mabaharia watano wanagawana 30,000 iliyobaki, kila mmoja 6,000. Kijana wetu alikuwa mmoja wa wale watano. Aliipiga hesabu hiyo kila siku akiwa amekaa omoni, mbele ya chombo, na kila siku jibu lilikuwa lile lile: nunua mashua.

Akadunduliza miaka. Hata siku moja akaja mbio kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, mzee ambaye mvi zake zote zilimwota baharini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimeona mashua inauzwa. Imepakwa rangi mpya, buluu, inang'aa! Mwenyewe anasema nikichelewa atakuja mwingine."

"Atakuja, na ataondoka," mzee akasema. "Rangi mpya, eh? Basi tutakwenda na kisu. Lakini si leo. Leo maji mafu."

Msiotoka pwani, nisogeleeni hapa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, na siku hizo na siku moja au mbili zinazofuata maji hupanda sana na kushuka sana. Hayo ndiyo bamvua. Unguja, bamvua kubwa hufikia karibu mita 4 kati ya maji makavu na maji makuu. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, na bahari hupanda na kushuka mita moja hivi tu. Hayo ndiyo maji mafu, na mashua iliyotiwa nanga siku hizo haiachwi na maji, kwa hiyo tumbo lake halionekani. Mzee hakujua kama mashua hiyo iko majini au pwani, basi alitaka bamvua ili aione imekaa kavu mchangani. Tena bamvua ya Unguja inawafaa wanunuzi: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, jua limeshapanda na kila ufa unaonekana.

Wakangoja. Mwingine hakuja.

Siku ya siku, mwenye mashua walimkuta amesimama omoni, mkono juu ya rangi yake. Ubavuni pameandikwa kwa herufi nyeupe SINA WASIWASI. Mzee akalisoma jina, akakohoa, akapita moja kwa moja hadi tezini, nyuma ya chombo, na kupiga magoti.

Mnunuzi mchanga hukitazama chombo kuanzia juu. Mzee alianzia kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima kutoka omo hadi tezi. Ubao wa ubavuni ukioza hubadilishwa. Mkuku ukioza, umenunua kuni. Alisukuma ncha ya kisu hapa na pale, hasa pale mkuku unapokutana na mbao za kwanza, kwa kuwa hapo maji hupenda kukaa. Kisu kikigoma, vizuri. Kikizama bila nguvu, aga uende zako. Kisha akagonga mbao kwa konzi, moja baada ya moja, sikio karibu. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu. Uliooza hujibu kwa sauti nzito iliyoziba. Akatafuta pia madoa ya kutu chini ya vichwa vya misumari, maana msumari unaotoa kutu nje umekwisha kuliwa ndani. Aliyaona kadhaa, yamefunikwa kwa ile rangi buluu, na kila alipoliona moja alilionyesha kwa kidole bila kusema neno. Mwenye mashua akaanza kutazama bahari.

"Na hivi vitundu?" kijana akauliza.

Vilikuwa vitundu vidogo sana, karibu na mkuku. Yuko kiumbe wa baharini anayetoboa mbao. Wengi humwita funza kwa ajili ya umbo lake refu, lakini yeye ni wa ukoo wa chaza na kombe: ana magamba mawili madogo kichwani, na hayo ndiyo tupa yake. Huingia angali mchanga, kwa tundu ambalo jicho hulipita, kisha hunenepea ndani. Nje ubao unaonekana mzima mpaka siku utakapovunjika. Ndiyo sababu wavuvi hukipandisha chombo pwani kila baada ya muda, wakakibabua chini kwa moto wa makuti makavu, kisha wakakipaka deheni, yaani mafuta mazito yaliyochanganywa na chokaa. Sehemu za juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa. Kama hujawahi kuinusa sifa, hongera. Ukiinusa mara moja utaijua maisha yako yote, hata ukiwa na mafua.

Lamu wako mafundi waliopata chombo ambacho kiumbe huyo hana shauri nacho. Waliunda jahazi dogo kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani, wakalivika ndara kuukuu za kila rangi, wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga likafika mpaka Unguja. Lakini kijana wetu hakuwa na plastiki. Alikuwa na mbao, na vitundu vichache, na mzee akavichoma kisu akaona havikwenda mbali. Ubao mmoja wa kubadilisha. Basi.

Wakapanda ndani. Mzee akayakagua mataruma, zile mbavu zinazoshika mbao za pande zote mbili, akitafuta iliyopasuka na kufungwa waya kimyakimya. Akatia mkono ngamani, sakafuni kabisa ambako maji huteremkia. Palikuwa pakavu, pamefagiwa.

"Haivuji hata tone," mwenye mashua akasema.

"Imekaa pwani muda gani?"

"Tangu upepo wa Kusi uanze."

Jibu hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko ngama kavu. Mbao zikikaa juani muda mrefu hunywea, na viungo kati ya ubao na ubao hufunguka. Chombo kama hicho ukikitia majini leo kitavuja vibaya, hata kama ni kizima, na kesho yake kitakuwa kimepunguza, kwa sababu mbao zimekunywa maji zikavimba kama dengu zilizolowekwa na kubanana zenyewe. Kwa hiyo ngama kavu ya chombo kilichoko pwani haikuambii kitu, na maji ya siku ya kwanza baharini yasikutie hofu. Kinachokuambia ukweli ni siku zinazofuata. Mzee akataka mashua ishushwe na ilale majini, ndipo wazungumze bei.

Waliishusha maji yalipojaa. Usiku ule walifua maji kwa zamu, ndoo baada ya ndoo, na kijana akakaribia kulia. Usiku wa pili ndoo zilipungua. Usiku wa tatu yalibaki maji ya kuchota kwa kata, na yote yalipitia mahali pamoja upande wa kushoto, ambapo kalafati ilikuwa imeoza. Kalafati ni pamba inayosokotwa, ikalowekwa mafuta, ikapigiliwa kwa patasi na nyundo katikati ya mbao. Hiyo ni kazi ya fundi, na ina gharama yake, na gharama hiyo pamoja na ubao wenye vitundu na misumari yenye kutu viliondolewa kwenye bei kimoja kimoja, mbele ya dalali, mpaka mwenye mashua akasema, "Mzee, niachie hata nauli." Wakacheka. Wakapeana mikono.

Karatasi nitazipitia haraka, maana najua mnataka bahari. Kijana alitoa arbuni, kisha wakaenda kwa sheha na mashahidi, wakaandikiana hati ya mauziano: nani anauza, nani ananunua, chombo gani, namba gani, kiasi gani. Usajili ukahamishiwa jina lake. Akakata leseni, ambayo hulipiwa upya kila mwaka. Ukiuziwa chombo kisicho na namba wala hati, kwa bei nzuri mno, jiulize kilikoibwa. Naye mzee akamlazimisha kununua majaketi ya kuokolea kwa kila atakayepanda, kabla ya kununua hata ndoana. Rangi aliiacha. Jina pia aliliacha, kwa kuwa kubadili jina ni rangi nyingine na rangi ni pesa.

Hadithi nyingi za chombo cha kwanza huishia hapa, dua imesomwa na watu wanakula pilau. Mimi naona hapa ndipo inapoanza. Mashua hununuliwa siku moja. Kuilaza ni kila siku.

Mwezi uliofuata, siku za bamvua, kijana alirudi kutoka kuvua usiku, saa nne, maji yamekwisha kupwa. Mjomba hakuwamo. Madiko yetu mengi hayana gati. Mashua hulala kwenye nanga mbele ya kijiji. Akatafuta mahali penye maji ya mita moja, yanayomfika kiunoni, akatua tanga, akatupa nanga yake ya makombe manne, akafungulia mita 4 za kamba. Mita 4 kwa maji ya mita moja! Akajiona nahodha. Akashuka, akatembea mpaka pwani, akalala.

Sasa fuateni maji. Yalipoanza kujaa hayakupanda kwa mwendo mmoja. Manahodha wana hesabu yao: gawa safari nzima ya maji mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Usiku ule maji yalikuwa na safari ya mita 3.6, basi fungu moja ni sentimita 30. Saa tano usiku palikuwa na mita 1.3. Saa sita, mita 1.9. Saa saba, mita 2.8. Saa nane, mita 3.7, na ile kamba ya mita 4 imesimama wima. Haikupita nusu saa, Sina Wasiwasi ikaining'iniza nanga yake chini ya omo, ikaondoka.

Haikwenda mbali. Wavuvi waliotoka kabla ya alfajiri waliikuta imeegemea mashua ya jirani, inaikwaruza mbavu kwa kila wimbi. Jirani alidai ubao wake, akalipwa.

"Kamba yangu ilikuwa mara nne ya kina!" kijana alilalamika.

"Kina cha saa ngapi?" mjomba akauliza.

Akachukua kijiti, akachora mchangani. Nanga haishiki kwa uzito wake tu. Hushika kwa makombe yake kuuma chini, na makombe huuma pale kamba inapoivuta kwa kulala. Ikivutwa kwenda juu, hung'oka. Kwa hiyo kamba hupimwa kwa kina cha maji yakijaa: mara tatu kukiwa shwari, mara tano kukiwa na upepo. Mita moja ya kijana ilikuwa ifike mita 4.6. Mara tatu ni karibu mita 14. Mara tano ni mita 23. Ukifunga kipande cha mnyororo kati ya nanga na kamba ni bora zaidi, kwa sababu uzito wake huilaza kamba chini.

"Lakini kamba ndefu nayo ina tabia yake," mzee akaendelea. Mashua kwenye nanga haitulii. Huzunguka kufuata upepo na mkondo, na kamba ndiyo kipimo cha duara lake. Ukitia nanga katikati ya vyombo, lazima ujue wenzako wamefungulia kamba kiasi gani, la sivyo usiku mtabishana mbao kwa mbao. Na tazama unachokitupia. Mchanga na tope hushika. Penye majani mengi ya bahari nanga huteleza juu juu. Matumbawe hushika mno: asubuhi huing'oi, na ukiing'oa umevunja nyumba za samaki haohao unaowatafuta.

Vipi kuhusu kuisogeza mashua karibu na pwani, maji yakijaa, ukaiacha ikauke? Inafaa, na wengi hufanya hivyo, ila chini pawe mchanga mtupu usio na jiwe. Maji yanapoondoka mashua hulalia ubavu, na jiwe moja lenye ukubwa wa kichwa cha mtu hupenya kati ya mataruma mawili. Mwenye busara huisimamisha kwa magadi, miti ya kuiegemeza pande zote mbili. Halafu lazima ukumbuke kwamba mashua iliyokauka haiendi popote mpaka bahari irudi. Ukilala ukapitiwa, wenzako watatoka, wewe utabaki unaipangusa rangi.

Upepo nao hupanga mahali pa kulala. Kusi, inayotawala katikati ya mwaka, hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, ikapiga fukwe za mashariki ya Unguja moja kwa moja. Upande wa magharibi kisiwa chenyewe huwa kinga. Kaskazi, kuanzia mnamo Desemba hadi Machi, hugeuza mambo kwa fukwe zinazotazama kaskazini. Mahali palipokuwa pa usalama Julai si lazima pawe pa usalama Januari.

Kijana akajifunza. Akajifunza kurudi akiielekeza omo kwenye upepo au mkondo, wowote wenye nguvu zaidi, ili mwendo ufe wenyewe badala ya kuuombea. Akajifunza kutua tanga mapema. Vijana hupenda kuingia dikoni na tanga limejaa, watoto wakiwatazama. Mimi nimewaona wengi, na nimeona pia wanachokigonga.

Siku moja akapeleka samaki mjini, Malindi ya Unguja, ambako kuna gati. Gati humdanganya mtu wa nanga. Linaonekana rahisi: funga kamba, shuka, nenda kunywa chai. Lakini gati halipandi wala halishuki, na mashua hupanda na kushuka mchana kutwa. Ukiifunga kamba fupi maji yakiwa yamejaa, saa sita baadaye utaikuta mashua yako imening'inia, kamba zinalia, au zimekatika. Kamba za gatini huwa ndefu, moja ikitangulia mbele ya omo na nyingine ikirudi nyuma ya tezi, ili mashua ipate kushuka bila kuondoka. Na kati yake na ukuta huwekwa dafrao. Siku hizi ni matairi makuukuu, na yanafanya kazi nzuri sana. Mzee alikunywa chai yake hapohapo juu ya gati, akiitazama kamba. Kijana alikwenda kuuza samaki.

Walipofika nyumbani mzee akasema yuko tayari kumwachia atoke na mabaharia wake bila yeye, ila kwanza ajibu swali.

"Umerudi usiku wa bamvua. Maji yamepwa kabisa, una nusu mita chini yako. Safari ya maji leo ni mita 3.6. Upepo upo. Chomboni una kamba ya mita 18. Inatosha?"

Nanyi pigeni hesabu kabla hamjasoma mbele.

Kijana alifumba macho. Nusu mita na 3.6 ni 4.1. Mara tano ni 20.5.

"Haitoshi, mjomba. Imepungua mita mbili na nusu."

"Basi nenda kanunue kabla duka halijafungwa."